Timu Ilipohamia Mabela

Watu wengi wa Maskati hawajui kwamba mji wao una watoto wanaocheza hoki ya barafu. Ukiwaambia wanacheka, kisha wanauliza barafu yenyewe inatoka wapi, kana kwamba majokofu yao huko nyumbani yanajazwa na malaika. Nimefanya kazi kwenye uwanja wa barafu miaka mingi, nyuma ya kaunta ya viatu, na kuwaeleza hayo nimeshachoka. Kumsimulia Kocha ndiko sijachoka. Naona kabisa mtu anaanza kuchungulia simu yake, na mimi naendelea tu.

Kwenye ngazi alikuwa mzee wa kuhurumiwa. Alishika chuma kwa mikono miwili, akashuka kidato kimoja, akapumzika, akakitazama kidato kinachofuata kwa mashaka makubwa. Na ole wako umshike mkono. Lakini akishakaa kwenye benchi na kufunga kamba za vile viatu vyenye chuma kikali chini, akaingia kwenye barafu, uzee wote ulibaki pale benchi pamoja na makubazi yake. Alikwenda kinyumenyume, mikono kaikunja mgongoni, anazungumza, anamrekebisha huyu, anamcheka yule, bila kutazama anakokwenda. Wageni waliokuja kutazama walidhani ni kichekesho kilichopangwa.

Na baridi alikuwa haipendi hata kidogo. Aliwasha hita ndani ya gari lake katika miezi ambayo sisi wengine tunagombania kivuli cha nguzo ya taa. Aliingia uwanjani na koti zito la sufu, la kijivu, na juu ya kofia yake ya Kiomani alizungusha skafu ya kufunika masikio, akilalamika tangu mlangoni. "Nani kaniroga mie na kazi hii," alikuwa akisema, na sikumbuki siku aliyokosa kuja.

Ninachojua ni kwamba alipokuwa kijana alipelekwa kutoka Unguja kwenda kusomea mitambo Chekoslovakia, na huko ndiko alikojifunzia kuteleza kwenye barafu. Alijifunza vipi, inategemea umemuuliza siku gani. Siku nyingine alisema aliyekuwa akilala naye chumba kimoja alimburuta mpaka kwenye bwawa lililoganda. Siku nyingine kulikuwa na msichana. Watoto walipenda ile ya kwamba alinunua viatu gizani kwenye duka la mitumba, akiamini ni viatu vya kawaida vya bei rahisi, na akaona haya kuvirudisha. Salma, nahodha wa timu, alimuuliza siku moja ipi ndiyo ya kweli. Akamjibu kwamba zote ni za kweli ila hazikutokea siku moja.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja Maskati kwa kazi za ndani, mkataba ukaisha, nikapata kafili mwingine, yaani mdhamini wa kazi, ambaye alikuwa na ule uwanja wa zamani wa barafu, kule mjini. Mwanzoni Kiswahili cha Kocha na changu vilikuwa vikigongana. Mimi nikisema "sasa hivi", yeye "saa hizi". Mimi "nina", yeye "nna". Alinicheka kwa namna ninavyosema "hela", nami nilimcheka kwa kila kitu. Lakini wote wawili tulikuwa tunakaa Wadi Kabir, yeye kwenye ghorofa ya zamani nyuma ya gereji, mimi kwenye chumba cha kuchangia na wenzangu wanne, na kwa hiyo baada ya kazi alikuwa akinipa lifti. Ndani ya gari lile lenye hita ndimo nilimofahamiana naye, huku jasho linanitoka.

Wenzake walishajenga zamani. Watu wa rika lake, waliotoka Unguja kama yeye wakaja hapa na elimu zao, sasa wana nyumba zenye bustani kule Mabela na Khoudh, na wajukuu wanaoendesha magari. Yeye alibaki kwenye ghorofa, peke yake, katikati ya mafundi wa Kipakistani na wauza matairi. Mkewe alishafariki kabla sijamjua. Watoto wake wapo Ulaya, na humpigia simu siku za Ijumaa. Nilimuuliza mara moja kwa nini hahami, akasema atahamia wapi, na huku kila fundi anamjua. Ilikuwa kweli, kila fundi alimsalimia. Lakini sikuwahi kumwona hata mmoja wao akipanda zile ngazi kwenda kwake.

Jambo ambalo timu nyingine zilikuwa zikimlaumia ni salamu. Kwenye hoki ya barafu, wachezaji hupeana mikono mechi ikishakwisha. Kocha aliona hiyo ni adabu iliyowekwa mahali pasipo pake. Mtu unaanzaje kumpiga kumbo mtu ambaye hujamuuliza hali yake? Basi watoto wake walitangulia kuvuka uwanja mzima kabla ya mechi, wakianzia kulia kama unavyoingia kwenye baraza la watu, wakamshika mkono kila mchezaji wa upande wa pili, na refa, na yule dereva wa gari la kusafishia barafu, na kila mmoja wakamuuliza khabari zake, za nyumbani, na kuna jipya gani. Walipokwenda kucheza Dubai, watoto wa kule, wengi wao Wazungu, walisimama wameduwaa na kofia zao za chuma, hawajui wajibu nini. Mechi ilichelewa. Waandalizi wakalalamika. Na huyu huyu Kocha alikuwa akimrudisha nyumbani mtoto anayefika mazoezini amechelewa kidogo tu.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuanguka. Hakumpa mtoto fimbo mpaka aanguke mbele yake, upande wa kulia, upande wa kushoto, na kwa makalio, na anyanyuke bila kushika ukuta. Kina mama walikuwa wakiziba macho. Somo la pili lilikuwa kupiga kelele. Watoto wa Kiomani wanalelewa kwa upole, hawapazi sauti mbele ya wakubwa, na kwenye hoki mtu asiyepiga kelele haletewi kile kisahani cheusi wanachokipigania. Kocha alikuwa akisimama katikati ya uwanja akigonga barafu kwa fimbo yake. "Omba! Usingoje uletewe. Wenzio hawajui unataka nini." Sauti hiyo niliisikia kaunta miaka yote, mpaka nikawa naigiza nikiwa naosha soksi za kukodisha. Salma alikuwa ndiye bubu kuliko wote alipoanza, na ndiye aliyekuja kuwa na sauti ya kupasua vioo.

Sasa mtu aliyefundisha hivyo, mwenyewe hakuwahi kuomba kitu. Hata maji. Niliona midomo yake imekauka, nikamuuliza kama anataka maji, akasema la, ahsante, usijisumbue. Nikaenda zangu. Baadaye namwona anakunywa kwenye bomba la chooni.

Ilinichukua muda kulielewa hilo. Mchana nilikuwa nikila chapati na maharage pale pale kaunta, na kwa desturi ya kwetu nilimkaribisha. "Nimekula, mwanangu, ahsante," alisema, akakaa kwenye kiti cha pili akitazama barafu. Kwetu ukikaribishwa unanawa, au unasema umeshiba na umeshiba kweli. Basi nikala, nikamaliza, nikafuta sahani. Nilifanya hivyo wiki nyingi bila wasiwasi wowote, na moyo wangu mweupe.

Aliyenifumbua macho ni Mama Salma, mama yake yule nahodha. Mama huyu ni wa hizo familia za Unguja zilizokaa Mabela, mnene, mcheshi, anayeongea Kiswahili na Kiarabu ndani ya pumzi moja. Siku hiyo alileta bakuli la sambusa. Akamkaribisha Kocha, Kocha akakataa. Akamkaribisha tena, Kocha akaweka mkono kifuani. Mama Salma akamsogezea bakuli mpaka puani akasema, "Wallahi huondoki hapa hujala, unataka nikasirike?" Na mzee yule niliyemwona anashiba kwa hewa wiki zote zile akala sambusa mpaka chini ya bakuli kukaonekana. Mimi nimekodoa macho. Mama Salma alipokuja kunisaidia kuosha bakuli, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe hukumshikilia, ndiyo maana. Mtu wa kwetu ukimkaribisha mara moja umemsalimia tu. Mpaka umshikilie ndiyo umemkaribisha."

Tangu siku hiyo nikawa namshikilia. Nilijifunza mpaka vile viapo. Naye alikuwa akila kila siku, akikataa kwanza kila siku, na wala hakuna siku hata moja alipoona kwamba mchezo huu sisi wawili tunaujua mwanzo na mwisho.

Alidhani dunia nzima iko hivyo. Kulikuwa na mtoto wa mhandisi mmoja Mzungu ambaye Kocha alitaka awe golikipa. Mtoto akasema hapana. Wiki iliyofuata Kocha akamwambia tena, na iliyofuata tena, kwa upole, kwa tabasamu, mpaka baba yake mtoto akaja kaunta uso umemwiva akitaka kujua kwa nini mwanawe anasumbuliwa na alishajibu. Kocha alishangaa kutoka moyoni. Ndani ya gari aliniambia, "Kasema la mara moja tu. Ntajuaje kama kweli hataki?"

Ule uwanja wa zamani ulikuwa mdogo, nusu ya uwanja wa kweli, na kona moja ilikuwa imekatwa kupisha nguzo ya jengo. Timu ilizaliwa ndani ya hiyo nusu na ikacheza kama watu waliozoea kuishi chumba kimoja, pasi fupi fupi, mabega yanagusana. Mtoto aliyekuwa karibu na nguzo alijua kukigongesha pale kile kisahani kikarudi kwa mwenzake, na timu ngeni ziliona huo ni uchawi. Wakienda kwenye uwanja mkubwa walikuwa wanajikusanya katikati na kuacha pande zote wazi. Walifungwa sana. Kocha alikuwa akirudi kutoka Dubai akisema wamecheza vizuri, na mimi sikumwuliza matokeo.

Mara ya kwanza timu ilipohama, ilihamia Wadi Kabir. Mtambo wa kugandisha uliharibika, vipuri vikawa haviji, na barafu ikageuka dimbwi lenye harufu ya soksi. Wazazi walisema basi, watoto wakaogelee. Kocha akaenda kwa jirani yake mwenye gereji kubwa, na hakumwomba kitu, alikaa tu pale akinywa chai kila siku akihadithia habari za watoto wake wasio na mahali, mpaka yule jirani mwenyewe akamwambia atumie sakafu ya gereji siku za Ijumaa baada ya sala, wakati kazi zimefungwa. Akamshikilia, kama inavyotakiwa. Watoto wakavaa viatu vya magurudumu, goli likawa matairi mawili, na kisahani kikawa mpira mgumu. Mafundi waliokuwa wamepumzika walikaa juu ya boneti za magari kutazama. Mpira ukiingia chini ya gari la mteja, alikuwepo daima mtu wa kulala chali na kuutoa. Sijawahi kumwona Kocha ana furaha kama msimu ule. Alikuwa nyumbani kwake, watoto wako mlangoni kwake, na hakuna baridi.

Mtambo ukatengenezwa, wakarudi mjini. Nusu ya watoto hawakurudi. Wengine walishapata mchezo mwingine, wengine wazazi wao walihama. Kocha aliwataja kwa majina kwa muda mrefu, na wapya aliwafananisha nao, huyu anakimbia kama fulani, huyu mvivu kama fulani. Wapya hawakuwajua hao wanaofananishwa nao. Nadhani ndipo nilipoanza kumwonea huruma.

Macho nayo yakaanza. Ukungu, alisema daktari, na unaweza kuondolewa, lakini yeye aliahirisha. Akaacha kuendesha gari. Ikawa tunachangia teksi kurudi Wadi Kabir, hita hakuna, na mimi nilishukuru. Mazoezi yalipokwisha, wazazi walikuwa wanawachukua watoto wao, magari yanaondoka moja moja, na kila mzazi alishusha kioo akamuuliza Kocha kama ampeleke. Kila mmoja alijibiwa la, ahsante, mie nna usafiri. Usafiri ulikuwa mimi. Tulisimama pale kando ya barabara, na alikuwa haongei mpaka gari la mwisho limeondoka.

Ndipo likaja suala la Mabela. Kafili wetu aliuuza uwanja wa zamani, na kampuni iliyonunua ikaona heri kujenga mpya kuliko kukarabati. Mabela ndiko kwenye nyumba mpya na familia zenye watoto, na ndiko walikojenga uwanja kamili, na paa refu, na viti vya watazamaji. Wafanyakazi tulihamishiwa huko, pamoja na vyumba vya kulala. Timu ikahamishwa pia. Meneja mpya alikuwa kijana wa Kiomani, mpole, mwenye suti nzuri na heshima tele, na alijua wazi kwamba timu ile ni Kocha. Wala hakutaka kumpoteza.

Lakini alikuwa na shughuli nyingi, na alimuuliza kwa ujumbe wa simu. Kocha mwenyewe alinisomea tukiwa kwenye teksi, akiiweka simu karibu na pua. Aliulizwa kama atapenda kuendelea kuifundisha timu Mabela, na usafiri utapatikana. Maneno mazuri kabisa. Nikamuuliza amejibu nini. Akasema amewajibu wasijisumbue, yeye mzee sasa, vijana wapo, na anawatakia kila la kheri. Alisema hivyo kwa uchangamfu, kama mtu aliyeanza mazungumzo matamu. Meneja akamrudishia alama ya kidole gumba na ua moja la waridi.

Kocha alingoja. Simu aliiweka mfuko wa kifuani badala ya wa pembeni. Siku zile alikuwa akinieleza namna uwanja mkubwa unavyotaka watoto watawanyike, na nani atafaa ukingoni, na kwamba atawafundisha upya kuanzia kuanguka, maana barafu mpya huwa ngumu. Nilijua basi kwamba anakwenda. Sikuwa na shaka yoyote, na nadhani hata yeye hakuwa nayo.

Siku ya mwisho ya uwanja wa zamani wazazi walimfanyia hafla. Alikuja amevaa kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kilemba kizuri cha hafla, na udi unamtangulia. Filimbi yake ya mazoezi ilikuwa mfukoni, niliiona kamba yake inaning'inia. Kulikuwa na keki yenye fimbo mbili za sukari. Watoto walisimama mstari. Meneja akatoa hotuba, akamshukuru kwa miaka yote, akamkabidhi ngao ya kioo, na akamwomba aseme neno.

Kocha akaishika ile ngao akasema wamemkirimu kuliko anavyostahili. Akasema Mabela ni mbali, macho yake yamechoka, na yeye hataki kumkalia mtu mahali pake. Kisha akanyamaza. Hakunyamaza kama mtu aliyemaliza. Alikuwa akitazama nyuso zetu moja moja, ana tabasamu dogo, na mkono wake umeingia mfukoni kwenye filimbi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na trei ya vikombe.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, kwa mapenzi ya kweli, na Mama Salma alikuwa analia. Makofi yalipokwisha keki ikakatwa.

Baadaye nilimuuliza Mama Salma, yeye aliyenifundisha mimi kumshikilia, mbona hakumshikilia. Akanitazama kwa uchungu. "Kaandika mwenyewe, mwanangu. Kakaa nyumbani kwake, kafikiri, kaandika. Na macho yale. Ningemshikilia mzee wa watu aje afe njiani kwa ajili ya mwanangu?" Alimpenda, ndiyo maana alimwamini.

Mabela barafu ni nyeupe na pana mpaka inaumiza macho. Wakaja watoto wengi, na kocha kijana kutoka Ulaya, mwenye bidii, anayeanza mechi kwa wakati. Jezi zikabadilishwa rangi. Salma alijaribu kuwavusha wenzake kwenda kusalimia kwenye mechi ya kwanza, akafika katikati ya uwanja akagundua yuko peke yake na mwenzake mmoja, wakageuka. Timu sasa inashinda. Hilo lazima niliseme, inashinda sana, watoto wanatawanyika mpaka kwenye kona, na kila mmoja anaonekana yuko mbali na mwenzake. Mimi nina chumba changu peke yangu kwa mara ya kwanza tangu nifike Omani. Nilikuwa nimekitamani miaka yote, na usiku wa kwanza nilikaa kitandani nikatamani hata kelele za wale wenzangu wanne.

Nilikwenda kumtembelea siku yangu ya mapumziko, miezi mingi baadaye. Nilipanda basi, nikabadili, nikafika Wadi Kabir mchana, gereji zimefungwa kwa chakula. Alifungua mlango akanitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu. Mabela hawakulishi?"

Alikuwa amekonda. Nyumba ilikuwa safi mno, safi ya mtu asiyetumia vitu. Alinitengea kahawa na tende, akaanza kuuliza, na hakuuliza habari zangu hata moja. Barafu inawekwa nene kiasi gani. Salma bado anainamisha kichwa akikimbia? Nani anacheza ukingoni? Nilimjibu yote, na kila jibu alilirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayepanga vitu kabatini. Nikamwambia kwamba Salma aliuliza kwa nini Kocha aliwachoka.

Hapo akaweka kikombe chini.

"Nlichoka na nani?"

"Si ulikataa, Kocha."

"Nlikataa mara moja," akasema. "Nkangoja waniulize tena. Siku ile ya keki nlikwenda na filimbi, nnajua pale ndipo watakaponishikilia, mbele ya watu, na mie ntakubali. Hakuna aliyeuliza. Nkasema basi, kumbe hawanitaki, wameona haya tu kunambia."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, labda wote, labda ile simu yenye kidole gumba. Nikamwambia awapigie sasa hivi awaambie anataka. Akasema mtu hajialiki. Nikamwambia yeye ndiye aliyewagongea watoto barafu kwa fimbo miaka yote ile kwamba waombe, wasingoje kuletewa. Akainama. Sikungoja, nikampigia meneja mwenyewe, nikamwambia Kocha yuko hapa, nikamtia simu sikioni.

Meneja alifurahi kweli, nilimsikia. Wakaulizana hali. Kocha akamuulizia baba yake, na nduguze, na kuna jipya gani, na nilidhani atakwama humo humo kwenye salamu. Kisha akanyooka kwenye kiti. Alisema kwa Kiarabu, wazi, bila kuzunguka, kwamba anataka kurudi kufundisha timu yake, na kwamba anaweza kuja hata kesho.

Meneja akaanza kueleza kwa upole wake wote. Kocha mpya ana mkataba. Nafasi ya msaidizi imeshajazwa. Laiti angelisema mapema, wallahi wangelimbeba mabegani. Lakini yeye ni baba yao, na mlango uko wazi, aje siku yoyote kutazama, atawekewa kiti cha mbele. Kocha akaitikia kila sentensi. Akamshukuru, akamwombea dua, akamsalimia tena baba yake, akanirudishia simu yangu.

"Kijana mwema," akasema.

Tulikaa. Niliona nifanye jambo, nikasimama nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Jikoni kulikuwa na sufuria ndogo, wali na samaki wa kupaka, chakula cha mtu mmoja, na kilikuwa kinanukia vizuri. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu alfajiri zaidi ya zile tende. Niliporudi alikuwa anatazama dirishani, upande wa gereji.

"Utakula, mwanangu?"

Miaka mingi nimekaa na watu hawa. "Nimekula, Kocha, ahsante," nikasema, nikaketi, nikangoja.

Akanigeukia, akanitazama kwa muda kwa yale macho yenye ukungu, na nikaona ameniamini.

"Haya," akasema. "Basi usichelewe basi lako."

Akanisindikiza mpaka mlangoni, na nikashuka zile ngazi na njaa yangu.